Vidonda vya mdomoni: tuvitibu nyumbani hadi lini?

Mleta mada, Langoni (Amu)

Assalamu alaykum. Wiki iliyopita mhudumu wa afya ya jamii alipita mtaani kwetu, akawaambia kina mama kwamba kidonda cha mdomoni kisitiwe kitu chochote kitokacho jikoni, bali mgonjwa apelekwe zahanati. Jioni yake barazani wazee walimcheka, wakasema kuwa chumvi, asali na mwarobaini viliwatosha baba zao. Nauliza basi: tuendelee kuvitibu vidonda hivi nyumbani, au tuache?

Mimi nasimama upande wa jikoni, ingawa si kwa hoja ya wazee. Kidonda cha kawaida, kile kidogo cha mviringo chenye weupe katikati na wekundu pembeni, ambacho humfanya mtu atafune wali kwa upande mmoja, hupona chenyewe kwa siku 7 hadi 14. Hiyo ndiyo siri ya sifa za kila dawa: aliyesukutua mwarobaini hupona, aliyepaka asali hupona, na aliyekaa kimya hupona vilevile. Hata hivyo, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri ya maji ya vuguvugu, mtu akasukutua na kutema, husafisha kinywa bila kumdhuru. Kwa nini mama wa Kizingitini alipe nauli ya boti hadi Amu kwa jambo ambalo litakuwa limekwisha kabla hajarudi kuonwa mara ya pili?

Mchangiaji, Matondoni

Ndugu yangu, umetaja chumvi kwa kuwa ndiyo rahisi kuitetea. Jikoni kwetu mna na shabu, na ndimu. Nilipokuwa msichana nilisuguliwa shabu juu ya kidonda kilichokuwa chini ya ulimi. Kinywa kizima kilikauka na kukunjamana kama niliyekula ndizi mbichi, na asubuhi yake kidonda kilikuwa kipana kuliko jana. Ndimu ni vivyo hivyo: huchoma, na watu hudhani kuwa kuchoma ndiko kutibu. Tena kuna watoto. Jirani yangu alimpaka asali mtoto wa miezi 5 mwenye utando mweupe ulimini, na haukuwa kidonda hata kidogo, bali fangasi, ambayo ina dawa yake hospitalini. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 hapewi asali kabisa, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwake. Huyo mhudumu aliyechekwa barazani hakukosea sana. Ukifungua mlango wa jikoni, huwezi kuchagua kitakachotoka.

Mchangiaji, Shela

Wanangu, nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na sikumbuki mtu aliyeharibiwa na maji ya chumvi. Waliotutia majonzi ni wale waliosukutua maji ya chumvi kwa miezi miwili.

Namkumbuka mzee mmoja, mtafunaji wa tambuu. Alipofunua kinywa, kidonda kilikuwa palepale anapoiweka, shavu la kushoto kwa ndani, kingo zake ngumu nikizigusa kwa kidole, nacho hakikumuuma. Kutouma ndiko kulikomdanganya. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha uamuzi wake kwamba popoo, ile kokwa itafunwayo ndani ya tambuu, yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Na sisi huku tunaikunja pamoja na chokaa, wengine wakaongeza tumbaku, tukaiita uraibu wa harusini. Kwa hiyo suali si kama dawa imetoka jikoni au dukani. Kidonda kikipita wiki 3 hakijapona, kionwe na daktari, kiwe kinauma au hakiumi.

Juu ya kujikinga na vidonda hivi mmepita kimya. Vidonda vikimrudia mtu kila mwezi, apimwe damu, kwani huenda amepungukiwa na madini ya chuma, foleti au vitamini B12, na hapo hata pipa la asali halitamsaidia. Atazame pia jino lililovunjika linalomkwaruza, na dawa ya meno yenye povu jingi, maana kitoa povu chake huwachubua baadhi ya watu. Huzuni na kukosa usingizi navyo huvileta.

Mleta mada, Langoni (Amu)

Shikamoo, mama. Na wewe dada wa Matondoni, nimekusikia: shabu na ndimu naziondoa katika utetezi wangu, na asali naiondoa kwa watoto wachanga. Mlango wa jikoni, hata hivyo, sikubali ufungwe wote, kwa sababu watu watapitia dirishani, na safari hii hawatamwambia mhudumu walichopaka. Lau angewaambia kina mama wahesabu wiki 3, badala ya kuwakataza hata chumvi, nadhani wazee wasingepata la kuchekea. Ijumaa nitalipeleka hilo barazani, ambako, nikikumbuka vizuri, wanne kati ya waliocheka walikuwa na tambuu shavuni.