Chuo cha kanisa, chuo cha umma, au kusoma kwa masafa? Dada zangu mliopita huko, nisaidieni

Mwanzo_Mpya

Bwana asifiwe wapendwa. Nina miaka 19, sekondari nimemaliza, na nina barua tatu za kukubaliwa. Ya kwanza ni ya chuo cha kanisa, ualimu wa sayansi. Ya pili ni ya chuo kikuu cha umma, baiolojia. Ya tatu ni baiolojia hiyo hiyo lakini kwa masafa, nibaki nyumbani na niendelee na watoto wangu wa shule ya Jumapili.

Mama anataka ya kwanza, anaogopa "dunia" itanimeza. Mwalimu wangu wa zamani anataka ya pili. Mchungaji kaniambia niombe. Nimeomba, na barua bado ni tatu. Tafadhali msinijibu tu "Mungu atakuongoza", hilo naliamini tayari. Niambieni mlichokiona kwa macho yenu.

Dada_Tabitha

Mdogo wangu, mimi nilisoma chuo cha kanisa miaka mitatu. Naanza na baya ili nimalizie na zuri.

Ibada ilikuwa kila asubuhi, lazima, na karatasi ya mahudhurio inapita safu kwa safu. Kufika muhula wa pili nilikuwa naweza kuwatilia sahihi wasichana wanne, kila mmoja kwa mwandiko wake. Mmoja alikuwa na herufi zinazolala kushoto, huyo alinisumbua sana. Nilikuwa nakaa kanisani Biblia iko wazi mapajani, na ndani ya Biblia kuna noti za kemia. Nje nilionekana nimeokoka sawasawa. Ndani nilikuwa nimechoka na Mungu kama mtu anavyochoka na somo la lazima.

Zuri sasa. Darasa letu lilikuwa dogo, walimu wanatujua kwa majina. Nilipokula sapu mbili kwa mpigo, yaani mitihani miwili ya kurudia, mama mmoja mhadhiri alinikuta kwenye korido, hakuniuliza maksi. Aliniuliza, "Mwanangu, unalala?" Nikalia pale pale, watu wanapita. Akanifundisha jioni wiki tatu, bila kudai chochote. Nadhani imani yangu ilianza upya ofisini kwake, siyo kwenye zile ibada nilizotiwa vema.

Kwa hiyo nenda ukitaka, ila usiende kujificha.

Msomaji_wa_Usiku

Mimi chuo cha umma. Wiki ya kwanza mhadhiri alitutania kwamba wenye dini waziache mlangoni pamoja na miavuli. Darasa zima likacheka, mimi pia nikacheka, halafu usiku nikajisikia kama Petro alipomkana Yesu kwenye ule moto wa uani.

Lakini nikuambie ukweli, siyo yule mhadhiri aliyetaka kuniondoa kanisani. Maswali yake yalinisaidia, kwa sababu nilienda kuyatafutia majibu. Kilichokaribia kunimaliza ni ratiba. Kazi za kikundi zinapangwa Jumapili asubuhi kwa kuwa ndiyo siku wote wana nafasi. Jumamosi usiku mnakesha na ripoti ya maabara. Jumapili ya tatu unaamka saa tano na jua limeshapanda. Hakuna aliyenibishia hata nikaacha kanisa. Nililala, basi, nikaacha.

Aliyeniokoa ni msichana wa mwaka wa nne, anasomea udaktari. Jumatano jioni alikuwa anapita kugonga milango ya hosteli, mlango kwa mlango, anatukusanya tukasome Neno kwenye darasa moja chini ya ngazi. Tulikuwa 11. Taa moja ilikuwa inawaka na kuzima kila dakika. Vikundi vya namna hiyo viko vyuo vingi tu duniani, na ushirika wa kimataifa wa wanafunzi wa kiinjili, IFES, uliundwa tangu 1947. Kabla hujathibitisha nafasi, uliza kama pale kuna kikundi na kinakutana siku gani.

Mama_wa_Wawili

Nimesoma kwa masafa nikiwa na watoto wawili, kwa hiyo hapa naongea kwa uchungu kidogo.

Watu wanaidharau elimu masafa kana kwamba imezaliwa juzi na intaneti. UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini, ilianza kufundisha kwa posta 1946, na Open University ya Uingereza ilipokea wanafunzi wake wa kwanza 1971. Cheti si tatizo, mradi chuo kina ithibati, yaani kinatambuliwa rasmi.

Tatizo ni hili: ukisomea nyumbani, nyumbani wanadhani upo. "Si upo tu? Nishikie mtoto." "Si upo? Njoo upambe kanisa." Mimi niliongezewa kwaya, uhazini wa akina mama na wageni wa mchungaji, yote muhula mmoja, kwa sababu nilikuwa "nipo". Kazi zangu nilikuwa naandika saa kumi alfajiri kwenye simu, mgongo umeegemea mlango wa chumba ili mdogo asiamke. Siku moja ya kutuma kazi, kile kiduara cha kupakia kilizunguka mpaka muda ukaisha. Nilikaa nakitazama tu.

Halafu wewe unataka baiolojia. Mazoezi ya maabara utayafanyia wapi? Waulize kabla hujalipa ada. Vyuo vingine huwaita wanafunzi kambini wiki kadhaa kwa mwaka, vingine wana vituo. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, kimbia.

Shina_la_Mzabibu

Samahani kama nitaudhi. Binti wa Kikristo ana haja gani ya kwenda mbali? Mariamu alichagua fungu jema, kukaa miguuni pa Yesu, na yatosha.

Dada_Tabitha

@Shina_la_Mzabibu ndugu yangu, umeshika mstari unaokupinga. Kukaa miguuni pa mtu ni kuwa mwanafunzi wake. Paulo naye anasema alilelewa miguuni pa Gamalieli, Matendo 22:3, na hakuna anayedhani alikuwa amekaa tu. Yesu alimpa Mariamu kiti cha mwanafunzi, tena Martha alipotaka atolewe, Yesu akakataa. Na Prisila na mumewe ndio waliomchukua Apolo, mtu msomi, wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi.

Tena chuo cha kwanza Marekani kuwapokea wanawake kwa digrii pamoja na wanaume kilikuwa Oberlin, 1837, na waliokianzisha walikuwa watu wa kanisa. Wakristo wenzetu waliyafungua haya mageti, wewe unataka kuyafunga?

Shina_la_Mzabibu

Nimekusikia dada. La Gamalieli sikuwahi kuliunganisha. Bado naogopa hizo hosteli, lakini nimekusikia.

Chaki_na_Vumbi

Nimefundisha vyuoni zaidi ya miaka 20, vya kanisa na vya umma. Nimewasoma wote na nashangaa. Mnajadili geti. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyu binti anataka kuwa nani.

Zile barua si njia tatu za kufika mahali pamoja. Moja inamfanya mwalimu. Mbili zinamfanya mwanabaiolojia, na mbili hizo zinatofautiana kwa saa za maabara. Nimekaa na wasichana wengi mno wa mwaka wa pili wanaotaka kubadili kozi kwa sababu walichagua chuo "salama" kwanza, kozi ikafuata nyuma kama mkia. Kubadili mwaka wa pili kunagharimu mwaka, wakati mwingine miwili.

Na hilo neno "salama" tulipime. Harvard ilianzishwa 1636, na shabaha yake mojawapo kubwa ilikuwa kupata wahubiri wenye elimu. Leo si chuo cha kanisa lolote. Jina la mtakatifu kwenye ukuta halimlindi mtu. Kwa upande wa pili, Danieli na wenzake walisoma miaka mitatu katika jumba la mfalme wa Babeli, lugha na elimu ya Wakaldayo. Tazameni walichokubali na walichokataa. Majina ya kigeni walipewa, wakaitwa hivyo. Vitabu vya kigeni walisoma, na wakawashinda wote. Chakula cha mfalme ndicho walichokataa, tena kwa kuomba kwa adabu wajaribiwe siku 10. Walijua mstari wao uko wapi kabla ya kufika mezani. Nawauliza wanafunzi wangu wapya swali hilo kila mwaka, na wengi wananijibu kuhusu mavazi.

@Mwanzo_Mpya, funga barua zote. Ukiachwa peke yako na saa mbili bila mtu kukutuma, unafanya nini?

Mwanzo_Mpya

Mama Chaki, swali lako limenikosesha usingizi.

Kidato cha tatu tulikuwa na hadubini moja, shule nzima. Mwalimu alibandua ile ngozi nyembamba ya kitunguu, akaidondoshea ayodini, akasema kila mtu sekunde 30. Zamu yangu ilipofika nikaona vyumba vimepangwa kama matofali, na kila chumba kina doa lake dogo la hudhurungi ndani. Sikutoka. Wenzangu wananivuta sketi, mimi sitoki. Nilisema kwa sauti, "Bwana, kumbe!" Darasa likaniita Bwana Kumbe mpaka tunamaliza.

Kufundisha watoto napenda, lakini nawapenda wale watoto wenyewe, siyo kufundisha. Sikuwahi kulitenganisha hilo. Nadhani barua ya ualimu nairudisha. Masafa niliwapigia leo mchana. Kuhusu maabara waliniambia "tutawajulisha". Mara mbili.

Imebaki ya umma, na imebaki hofu ya mama, ambayo si ya kijinga. Mama alimpoteza mdogo wake kwa namna hiyo hiyo, alikwenda chuo akarudi mtu mwingine. Sijui nimwambie nini.

Msomaji_wa_Usiku

Usimwambie. Mpeleke. Sisi siku za kupokea wageni mama mmoja alikuja na bintiye mpaka kwenye lile darasa la chini ya ngazi, akakaa nyuma na mkoba mapajani, anatukagua mmoja mmoja. Mwishoni aliomba namba ya yule dada wa udaktari. Hakuomba namba ya mchungaji wala ya mkuu wa hosteli. Alikuwa anampigia kila mwezi, na dada yule alikuwa anapokea.

Mama_wa_Wawili

Na wenzako wa kikundi waeleze mapema habari ya Jumapili. Siku ya kwanza mnapopanga kikundi, sema "Jumapili asubuhi mimi sipo, Jumamosi nitafanya sehemu yangu yote". Ukilisema wiki ya kwanza wanazoea. Ukilisema wiki ya sita unaonekana mvivu.

Mwanzo_Mpya

Nimemwonyesha mama jibu la huyo mama wa mkoba. Amelisoma mara mbili, kavua miwani, kaniuliza siku za kupokea wageni ni lini.

Dada_Tabitha

Ni lini?

Mwanzo_Mpya

Ijumaa ijayo. Ameshaanza kutafuta mkoba.