Wauzaji wa vigari vya mapacha Dar, tumechoka kuuziwa picha! Andikeni vipimo

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Najua kuna atakayesoma kichwa cha habari aseme "yaani kigari tu ndiyo makelele yote haya?" Ndiyo, kigari tu. Ukiwa na mapacha wachanga, nyumba ya kupanga na mume anayetoka alfajiri kurudi usiku, kigari ndicho kinachoamua kama leo unatoka nje au unashinda ndani na watoto wako.

Nimezunguka maduka ya Kariakoo, nimepekua kurasa za Instagram mpaka usiku wa manane. Karibu kila anayeuza kigari cha watoto wawili anauza picha. Ukiuliza upana kwa sentimita, kimya. Ukiuliza kila kiti kinabeba kilo ngapi, unajibiwa "kigumu sana hicho mamii". Ukiuliza bei, "njoo DM". Ukienda DM unaulizwa kwanza unakaa wapi, halafu ndipo bei inatajwa, na mwenzako wa Mbezi Beach na wewe wa Mbagala hamtajiwi bei moja kwa kigari kilekile.

Sasa nieleze kilichonitoa kwenye uvumilivu. Duka moja, jina naliacha, lilitangaza "kigari cha mapacha, siku 0 mpaka miaka 3". Nikauliza kwa maandishi kabla ya kulipa: mgongo wa kiti unalala kabisa? Jibu likaja: "Ndiyo dada, unalala flati kabisa." Nikalipa laki nne na nusu na nauli ya bodaboda juu. Kigari kikafika. Mgongo unarudi nyuma kidogo, kisha unagoma. Kitu cha kulala hakipo. Na vile vitanda viwili vya kulazia wachanga vilivyoonekana kwenye picha havikuwemo, eti ile ilikuwa "picha ya mfano". Nikapiga simu. Nikaambiwa: "Weka mto nyuma, wenzako wote wanafanya hivyo. Mali ikishatoka dukani hairudi."

Weka mto! Huyo anayeuza vitu vya watoto wachanga kutwa nzima anamshauri mzazi amwekee mto mtoto wa wiki tatu na kumwegemeza.

Mtoto mchanga hana nguvu ya shingo. Ukimkalisha nusu wima bila kumshika, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inabanwa. Halii, kwa sababu hewa ya kulilia hana. Mto unazidisha hatari, maana unamsukuma kichwa mbele zaidi au unamziba uso akigeuka. Ndiyo maana mchanga hulazwa chali, sehemu bapa na ngumu kiasi. Viti vya kuegemea ni vya mtoto anayekaribia miezi 6, yule anayeweza kukaa na kushikilia kichwa chake mwenyewe. Tena hapa tunazungumzia mapacha! Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37, wanatoka hospitali wakiwa wadogo kuliko watoto wengine. Kama kuna watoto wanaohitaji kiti kinacholala kweli, ni hawa.

Na angalieni kalenda. Ukishatoka hospitali, chanjo zinakuita kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Safari zote hizo tatu watoto bado hawajui kukaa. Kwa hiyo kipindi ambacho mama wa mapacha anakihitaji kigari kuliko wakati wowote ndicho kipindi ambacho kigari kama changu hakifai kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyejifungua mtoto mmoja siku 84 za likizo yenye malipo, na aliyejifungua zaidi ya mmoja inampa siku 100. Yaani waliotunga sheria walikaa wakaona kuwa watoto wawili kwa mpigo ni kazi nyingine. Muuzaji anayejiita mtaalamu wa vitu vya watoto hajaliona hilo?

Tuje kwenye upana, maana hapa ndipo wengi wanaumia. Vigari vya watoto kukaa bega kwa bega vingi vina upana wa sentimita 70 hadi 80. Mlango wangu wa mbao una 80, sawa. Lakini nyumba zetu zina grili, na grili yangu haifunguki yote kwa sababu ya ukuta wa baraza. Nafasi inayobaki ni 72. Kigari nilicholetewa kina 76. Kila nikitaka kutoka nikikunje, nikitoe nje, nikifungue tena, halafu nirudi kubeba mtoto mmoja mmoja huku mwingine ameachwa barazani peke yake. Namba moja tu, 76, ingeandikwa kwenye tangazo, biashara ile isingefanyika. Ninavyoamini, ndiyo maana haikuandikwa.

Mtaniambia basi nunua kile cha mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma. Hicho kweli ni chembamba, vingi vinakaribia sentimita 60, vinapita milangoni bila shida. Lakini ni kirefu, na uzito wa mtoto wa mbele uko mbali na mikono yako. Ukifika kwenye ngazi ya duka au mtaro usio na mfuniko, kunyanyua magurudumu ya mbele ni kazi ya kifua. Ukimtoa mtoto wa mbele kwanza huku wa nyuma amebaki na mfuko umeuning'iniza kwenye mshikio, baadhi vinapinduka. Kwa watoto waliofuatana, mmoja wa mwaka na nusu na mwingine mchanga, bado ningekishauri hicho, mradi kiti cha mchanga kiwe kinacholala. Uzito wao haulingani, na kile cha bega kwa bega huwa kinavuta upande mmoja njia nzima. Na mkubwa akishafika miaka mitatu hivi, wakati mwingine kigari cha mtoto mmoja chenye kibao cha kusimamia nyuma kinatosha kabisa. Maelezo kama haya ndiyo tungepaswa kuyapata dukani, bila kuombaomba.

Magurudumu sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Vigari vingi vinavyouzwa hapa vina magurudumu madogo ya plastiki ngumu. Yametengenezwa kwa sakafu ya vigae na barabara za waenda kwa miguu zilizonyooka. Nyinyi mnajua uchochoro wa Mbagala, Tandika au Kimara ulivyo: mchanga, mawe, mfereji wa maji ya mvua uliokata njia katikati. Gurudumu dogo likiingia kwenye mchanga halizunguki, linachimba. Unabaki kuburuta kigari kinyumenyume chenye kilo 13 zake na watoto juu. Ile mitikisiko yote anaipokea mtoto.

Kigari cha huku kinahitaji magurudumu makubwa, hasa ya nyuma, na yakiwa ya upepo ni bora zaidi. Wauzaji wanawatisha watu kuwa tairi za upepo "zitawasumbua pancha". Jamani, tairi za inchi 12 za vigari vingi ni saizi ileile ya baiskeli za watoto. Fundi baiskeli wa mtaani anaziba pancha na tyubu mpya anayo. Lakini gurudumu la plastiki la kigari cha mtumba likipasuka, spea hupati mjini hapa, na mzigo wote unageuka chuma chakavu. Tunatishwa na kinachotengenezeka, tunauziwa kisichotengenezeka.

Na joto! Mizigo mingi ya mtumba inatoka Ulaya, vitambaa ni vinene kwa ajili ya baridi kali. Mtoto analala humo mchana wa Januari Dar, mgongo wote umelowa. Halafu mama anaambiwa afunike kigari na kanga kuzuia jua. Kanga iliyofunika kote inazuia hewa, ndani panapata joto haraka kuliko nje. Tafuta kivuli cha kigari chenyewe kirefu, chenye dirisha la wavu, na neti ya mbu iliyokazwa vizuri.

Sasa niwajibu wale ambao tayari wameanza kuandika "mama zetu walitubeba kwa mbeleko na tukakua". Mbeleko naiheshimu na ninaitumia kila siku. Kulwa akilia namfunga mgongoni napika naye. Lakini mbeleko moja inabeba mtoto mmoja. Doto anabebwa na nani? Bibi zetu walikuwa na mashemeji, mawifi na mabinti wa jirani, ukijifungua pacha uwanja mzima unagawana mikono. Mimi niko chumba na sebule, jirani wote wameenda kazini kwao, na dada wa kazi simwezi kumlipa kwa sasa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji naye anaambiwa asinyanyue vitu vizito wiki za mwanzo. Kwa hiyo msiniambie kigari ni mambo ya kizungu. Daladala hainipakii na watoto wawili wachanga peke yangu, konda ananiona na kugeuka. Mwendokasi angalau kituo kiko usawa mmoja na sakafu ya basi, unaingia ukisukuma, ila saa za asubuhi hata pa kusimama hakuna.

Jambo jingine ambalo halisemwi kabisa ni usalama wa mitumba. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren iliitisha vigari vipatavyo milioni moja vilivyokuwa vimeuzwa Marekani, kwa sababu bawaba za kukunjia zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto. Orodha ile ilikuwa na vya mapacha pia. Huko wenyewe walitangaziwa na wakapewa vifuniko vya bawaba. Kigari kikishaingia kwenye kontena la mitumba, tangazo halisafiri nacho. Lebo ya nyuma imebanduka, jina la toleo limefutika, muuzaji hajui na hataki kujua. Mimi sisemi msinunue mtumba, mtumba mzuri unaushinda mpya wa bei rahisi. Nasema picha ya lebo iwekwe kwenye tangazo ili mzazi atafute mwenyewe.

Kuhusu hili la "mali hairudi": hiyo ni kauli ya duka, sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko. Mimi nina maandishi yao ya "unalala flati kabisa", nina muamala wa malipo, nina picha za kiti kilichogoma. Nawapelekea FCC. Nawaomba na nyie msifute mazungumzo na muuzaji, na daini risiti hata kama anawanunia.

Kabla hujatoa hela yoyote, mlazimishe akutumie video, picha haitoshi. Futi ya fundi iwekwe kwenye upana mkubwa wa kigari, na wewe upime mlango wako mwembamba kuliko yote, ukihesabu grili ikiwa imefunguliwa. Mgongo wa kiti uteremshwe mpaka mwisho ukionekana kwa ubavu, viti vyote viwili, maana vingine kimoja kinalala na kingine hakilali. Ukienda dukani mwenyewe, weka mfuko wa unga wa kilo 10 upande mmoja na wa kilo 5 upande wa pili, sukuma kwa mkono mmoja, kata kona. Kanyaga breki kwenye mteremko ukiwa na mizigo hiyo. Kikunje na ukifungue mwenyewe, asikufanyie yeye, na uhakikishe kuna kufuli zaidi ya moja la kuzuia kisijikunje watoto wakiwa ndani. Mikanda iwe ya ncha tano: mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, kwa kila mtoto. Mkanda wa kiunoni peke yake mtoto wa miezi tisa anauteleza. Kama unapanda bajaji, kijaribu ndani ya bajaji kikiwa kimekunjwa. Muuzaji akikataa hayo, ondoka, hata kama ni cha mwisho na "kuna mteja mwingine yuko njiani".

Nyinyi wauzaji mliomo humu, sitaki samahani yenu ya DM. Kwenye kila tangazo wekeni upana, uzito, kilo za kila kiti, viti vinalala kiasi gani, aina ya tairi, picha ya lebo na bei. Mstari mmoja tu. Mnayo futi, mnayo mizani.

Na wenye mapacha au watoto waliofuatana: tupieni hapa chini jina la kigari mlichonacho, upana wake halisi mlioupima wenyewe, kama kiti kinalala, na mtaa mnaokisukumia. Mimi naanza: bega kwa bega, sentimita 76, hakilali, Mbagala, hakifai.