Kizazi kimeshuka daraja la pili: mazoezi, pete au operesheni?

Mama4_Nkuhungu
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 41, watoto wanne, wa mwisho alizaliwa na kilo 4.2. Tangu mwezi wa tano nahisi uzito huku chini, hasa jioni nikishasimama kutwa nzima gengeni. Nikichuchumaa kuoga nagusa kama kitunda laini. Nimepimwa: kizazi kimeshuka, daraja la pili, yaani kimefika karibu na mlango wa uke. Daktari kanipa njia tatu, mazoezi ya nyonga, pete ya kuvaa ukeni ikishikilie kizazi, au operesheni huko mbele. Mengine nimeambiwa "usibebe vizito", basi. Sasa mimi napiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, kwenye kikundi chetu, na maji nachota bombani mtaa wa pili. Nikae ndani kama mwali?

Zabibu_Hombolo
Pole dada. Mimi nilianza na mazoezi. Unabana kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, unavuta juu, unahesabu mpaka 8, unaachia polepole. Mara 10, kutwa mara 3. Wiki sita za kwanza sikuona kitu, nikataka kuacha. Mwezi wa nne ndiyo nikashtuka kwamba jioni sivutwi tena kama zamani. Hakijarudi juu kabisa, nisikudanganye. Ila usijizoeze kwa kukata mkojo chooni, utabaki kwenye kibofu.

BibiShamba_Kongwa
Mimi daraja la tatu, kilikuwa kinachungulia nje nikilima. Kwangu mazoezi peke yake yasingetosha. Nina pete ya silikoni mwaka wa pili huu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ikadondoka napalilia karanga. Nikaiokota, nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikacheka peke yangu shambani. Wakanibadilishia saizi. Naitoa mwenyewe, naosha kwa sabuni na maji safi, nairudisha. Ukiona uchafu wenye harufu au damu, rudi kliniki usisubiri. Sokoni Kibaigwa naenda na kurudi, nimesahau kama ninayo.

Baba_AreaC
Samahani akina mama, naulizia mke wangu. Ameshauriwa akalie mvuke wa majani.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu, mvuke haupandishi kizazi, utamuunguza tu. Kizazi kimeshikwa na kano na misuli ya nyonga. Uzazi unailegeza, na hedhi ikikoma inazidi kudhoofu. Baada ya hapo kila kinachosukuma tumbo kwenda chini kinaongeza: kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni, mizigo.

Mama4, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Chukua madumu ya lita 5, au toroli. Ukinyanyua, bana kwanza, kisha toa pumzi, usizibe pumzi. Kutembea ni kuzuri, baiskeli pia. Mlenda na maji ya kutosha vitakusaidia choo kiwe laini, na hilo wengi wanalidharau.

Operesheni ipo ya kuondoa kizazi na ipo ya kukishikiza kibaki. Inasaidia, lakini tatizo linaweza kurudi, na unakaa kama wiki sita bila kubeba kitu kizito. Kama bado unataka mtoto, kwa kawaida inasubiri. Mkojo ukigoma kutoka kabisa, hiyo ni dharura.

Zabibu_Hombolo
Na muheme je? Ngoma yenyewe inabanwa mapajani!

Nesi_Mstaafu
Kubana hakunitishi, naogopa ile miruko. Piga umetulia, jioni usikilize mwili. Uzito ukizidi, punguza muda.

Mama4_Nkuhungu
Mrejesho. Nimechagua pete, na mazoezi nafanya nikisubiri wateja. Hakuna anayejua kama nabana au nawaza. Jumamosi nimepiga nusu saa, sikuruka. Jioni uzito ulikuja kidogo, nikalala nimeweka miguu juu ya mto, ukapoa. Maji sasa anachota baba watoto. Siku ya kwanza bombani walimcheka. Jana mwenzake mmoja naye kaja na dumu.