Nimelipia wikendi ya michezo ya watoto, watoto wakaishia kuchungulia dirishani

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtakapokuta lugha imepinda mnisamehe. Mods, uzi huu msiuhamishie jukwaa la utani, mimi sitanii.

Niko Uingereza, Coventry, na familia. Tuna karavani (kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari) ya mtumba, ya vitanda sita, tuliyoinunua baada ya sheria ya leseni kubadilika. Kwa wasiojua: sisi tuliofaulu mtihani wa udereva huku kuanzia 1997, ukitaka kuvuta trela zito ilibidi ufanye mtihani mwingine. Tarehe 16 Desemba 2021 wakaufuta, leseni ya kawaida ya gari inatosha kuvuta hadi kilo 3,500. Nikasema ahaa, sasa zamu yetu. Mke wangu akaniuliza mtu mzima ananunuaje nyumba ya kukokota wakati ya Kigamboni haijaezekwa. Sikumjibu, na leo ndiyo kabisa sina jibu.

Tukajiunga na klabu ya wenye karavani. Jina silitaji, nisije nikaletewa mambo ya wanasheria.

Wakatoa tangazo: wikendi ya familia, ile ya mwanzo wa mwezi wa tano yenye Jumatatu ya mapumziko, kwenye shamba la malisho karibu na Bakewell, Derbyshire. Kiwanja pauni 18 kwa usiku, siku tatu. Hapo sina ugomvi. Juu yake ukaja mchango wa pauni 5 kwa kila mtoto, za michezo. Yakaorodheshwa: mbio za magunia, kukimbia na yai kwenye kijiko, kuvuta kamba, kusaka hazina, na kurusha buti la mvua (wenzetu hawa wana mchezo wao, unalibeba buti la mpira unalitupa, likifika mbali umeshinda). Nina watoto wanne. Pauni ishirini zikatoka, wakaletewa bangili za karatasi za rangi ya chungwa.

Ijumaa tukaondoka. Ukivuta karavani huku huruhusiwi kuzidi maili 60 kwa saa kwenye motowei (zile barabara kuu za mwendo kasi), na 50 kwenye barabara ya kawaida isiyogawanywa katikati, kwa hiyo kuanzia Derby ile A6 ya Matlock nina msururu wa magari nyuma yangu kama natoa harusi. Karibu masaa matatu na nusu njiani. Mdogo, ana miaka sita, alianza kuuliza habari za magunia tangu Lichfield.

Shamba lenyewe halina umeme, na hilo tulilijua. Betri yako, gesi yako, maji unachota bombani kwa pipa la lita 40 unaliburuta kwa mpini, na kaseti ya choo (kile kitangi cha uchafu) unaenda kuimwaga mwenyewe. Msimamizi wa kambi akanipanga, akahesabu hatua za nafasi kati yangu na jirani, mita sita ili moto ukizuka usirukie kwa jirani, akanirudisha nyuma mara mbili. Nikamsifu moyoni. Nikasema hawa watu wana utaratibu.

Jumamosi saa nne asubuhi, kama ratiba ilivyosema, watoto kama ishirini na kitu wamesimama uwanjani na mabuti yao. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu, ile ambayo kwetu mtu haachi hata kuanika nguo. Msimamizi akaja na mwavuli, akatangaza: nyasi zinateleza, bima haikubali, michezo imeahirishwa. Hadi lini? Tutawaarifu.

Sawa. Watoto wakarudi ndani. Wanne, kwenye karavani, na mama mkwe wangu aliyekuja kutembea kutoka Tanga, na nguo mbichi zinaning'inia mlango wa bafu. Aliyewahi kukaa humo siku ya mvua anaelewa.

Saa nane mchana nasikia kelele na vicheko. Nachungulia. Watu wazima wapo uwanja uleule, nyasi zilezile, WANAVUTA KAMBA! Wanaume wenye vitambi vyao, upande huu wanane, upande ule wanane, wanaanguka kwenye tope, wanainuka, wanapigiwa makofi. Walipomaliza wakaingia kwenye kurusha tufe za chuma, glasi mkononi, hadi saa kumi na mbili. Kumbe nyasi zinachagua wa kumtelezesha.

Nikamfuata msimamizi, kwa adabu kabisa. Akaniambia watu wazima wanashiriki kwa hiari yao wenyewe. Nikamuuliza na watoto wangu je, mimi baba yao nimesimama hapa, hiari yangu haihesabiki? Akatabasamu lile tabasamu lao, mnalijua, akaniambia nifurahie wikendi.

Jumapili jua likawaka kweli kweli. Watoto wakavaa tena zile bangili. Ratiba ya Jumapili ikasema matembezi ya mbwa asubuhi, bahati nasibu jioni kwenye hema kubwa. Magunia niliyaona kwa macho yangu nyuma ya gari la msimamizi, mapya, yamefungwa na kamba yake, hayajafunguliwa.

Hapo mama mkwe akasema hawa watoto watacheza. Akaomba soksi kuukuu, akaviringisha mpira, akafunga na uzi, akaenda nao nyuma ya karavani kuwafundisha rede. Bibi wa miaka sitini na tatu, kanga kiunoni, anarusha mpira wa soksi. Haikupita nusu saa, watoto wa Kizungu wamejaa, mmoja yuko katikati anajaza chupa mchanga uliochotwa pembeni ya bomba, wengine wanamlenga, hakuna anayejua Kiswahili na wote wanaelewana. Wazazi wao wakaja na viti wakakaa kutazama.

Msimamizi akafika. Kanuni ya kambi: hakuna michezo ya mpira karibu na karavani, unaweza kuvunja dirisha. Mpira wa SOKSI, wakuu. Nikaubonyeza mbele ya macho yake ukawa kama andazi. Akasema kanuni ni kanuni.

Jumatatu tukaondoka. Matairi yalizama langoni, na mwenye shamba alitutoa na trekta lake bila kudai hata senti. Huyo Mungu ambariki, hayumo kwenye malalamiko haya.

Nimewaandikia barua pepe kudai ishirini yangu. Jibu: michezo ilitegemea hali ya hewa. Nimelisoma tangazo mara tatu, sentensi hiyo haimo. Nikawatajia Sheria ya Haki za Walaji ya 2015, kwamba huduma isipotolewa ilivyokubaliwa mlipaji anaweza kudai apunguziwe bei. Wakajibu kwamba mimi si mteja, ni mwanachama. Wakati wa kupokea hela nilikuwa nani?

NYONGEZA, saa tano usiku: Naona mkuu mmoja hapo chini ananiuliza kama nalia kwa ajili ya pauni ishirini. Ndiyo, nalia. Mdogo kakataa kuivua bangili, kaenda nayo shule Jumanne, mwalimu kamuuliza ulicheza nini, kajibu "bado".

Na yule dada wa Leicester aliyeandika kwamba yalimkuta hayohayo mwaka jana na klabu nyingine, tafadhali njoo inbox unieleze ulidai vipi. Pia anayejua pa kupata magunia ya katani huku Midlands aniambie bei, nahitaji kama kumi hivi.