Ngano za kale: zitunzwe kwa kodi zetu, au tuwaachie wenye nazo?

Mwana_Ukonga
Wakuu, naleta mada. Juzi niliingia duka moja kule Masaki nikakuta pakiti ya nusu kilo ya unga wa ainkoni, ngano ya kale kabisa, iliyoanza kulimwa kama miaka 10,000 iliyopita huko kusini-mashariki mwa Uturuki. Kwa bei ya nusu kilo ile ningebeba unga wa kawaida kilo tano. Pakiti inasema ina madini kuliko ngano ya sasa. Ngano nyingi tunayokula inashushwa bandarini hapa, ya Hanang na Njombe haitoshi. Mbegu za kale zikipotea ndiyo basi tena. Je, kuzitunza ni kazi ya serikali? Mimi nasema ndiyo. Chapati za mitaani zimekuwa wanga mtupu, nyeupe kama chokaa, na mpishi mwenyewe hajui unga umetoka wapi.

Mama_Tandika
Mpishi ndiyo mimi. Naamka saa tisa usiku, nakanda kilo sita, na saa kumi na mbili na nusu mafundi wa gereji wameshanizunguka. Unga nachukua kwa Mangi hapa kona, na mfuko wake nimeusoma: umeongezwa madini ya chuma, zinki na foliki asidi. Wewe umesoma pakiti ya Masaki, mfuko wangu hukuusoma. Watoto wangu watatu wamemaliza shule kwa hizo chapati za chokaa.

Kijana_Mbagala
Mama umemaliza kila kitu. Mtu anakula chapati mbili na maharage kila asubuhi, halafu anakuja kuutukana mkono unaomlisha.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Mama yuko sahihi. Kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano wa viwandani ni sheria kwetu tangu 2011. Lakini hoja ya mleta mada isizikwe kwa hasira. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la majaribio ya ngano tangu 1843, na punje za mavuno ya miaka na miaka zimehifadhiwa. Walipozipima waliona zinki, chuma, shaba na magnesiamu vimeshuka tangu mbegu fupi, yaani za ngano yenye mabua mafupi, zilipoingia miaka ya 1960, ilhali udongo haukupungukiwa. Mbegu fupi zinazaa sana, ziliwaondolea wengi njaa India na Pakistan, na Norman Borlaug alipewa Nobeli ya Amani 1970 kwa kazi hiyo. Ila punje ikijaa wanga, madini yale yale yanagawanywa kwenye mzigo mkubwa zaidi.

Dada_Mikocheni
Na ngano ya kale haina gluteni, ile protini inayofanya donge livutike. Shemeji yangu tumbo lilikuwa linamjaa gesi kila siku, alipohamia ainkoni kapona kabisa.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Dada yangu, hilo lifute kabla halijamdhuru mtu. Ainkoni ina gluteni, na ngano nyingine za kale pia: emeri inayo, spelti inayo. Ya ainkoni ni dhaifu, ndiyo maana mkate wake hauumuki vizuri. Lakini mwenye ugonjwa wa siliaki, yule ambaye gluteni inamharibu utumbo, asiguse hata moja.

Dada_Mikocheni
Shikamoo mzee, lakini usinigombeze kama mtoto. Nimeeleza kilichompata shemeji yangu. Sijamwandikia mtu dawa.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Marahaba. Sikukugombeza mwanangu. Nimeona watu wakiugua kwa maneno ya namna hiyo.

Fundi_Tanuri
Nimeoka mikate Buguruni miaka kumi na miwili. Unga usioumuka ni hasara. Tajiri wangu wa zamani aliwahi kuleta gunia la atta, unga wa ngano usiotolewa pumba, tukaoka, mikate ikatoka mizito kama tofali, madukani ikarudi yote. Sasa mnataka tuoke ngano za enzi za Firauni?

Mama_Tandika
Fundi, atta hukuipa muda. Pumba zinakunywa maji taratibu. Kanda kwa maji ya moto, donge liwe laini hadi linataka kunata mkononi, funika na kitambaa chenye unyevu nusu saa nzima. Ndipo ukate, upake mafuta, usokote, ulipumzishe tena. Ukiharakisha lazima chapati ikauke kama kigae.

Kijana_Mbagala
Maji ya moto tena? Bibi yangu alikuwa anakandia tui la nazi, na chapati zake zilikuwa zinachambuka zenyewe.

Fundi_Tanuri
Tui kwenye chapati za biashara? Zitachacha kabla ya saa nne kwa joto hili la Dar.

Mama_Tandika
Hazifiki saa nne. Saa tatu sufuria ni tupu.

Mtoto_wa_Kariakoo
Turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo panaponiuma. Benki ya mbegu ni friji la gharama. Zahanati ya mtaani kwetu mwezi uliopita sikupata hata panadoli ya mtoto. Nani anakula mbegu iliyo kwenye friji? Kilichobaki ni kutishana na ule ugonjwa wa ngano uliozuka Kenya mwaka 2005 sijui.

Bwana_Shamba_Mstaafu
Ulizuka Uganda, ukatambuliwa 1998, ukaitwa Ug99. Ni kutu ya shina. Ukipita shambani unakuta mabua yana vidonda vyekundu-kahawia, ukivigusa kidole kinatoka na vumbi la kutu, na punje ndani imesinyaa. Sehemu kubwa ya ngano za dunia haikuwa na kinga. Ukaingia Kenya, Ethiopia, na 2007 ukaonekana Iran. Mwaka 2013 wanasayansi wakatangaza wameipata jeni ya kuuzuia, na waliitoa kwenye hiyo hiyo ainkoni inayosemwa ya matajiri.

Na friji lina kazi. Kituo cha utafiti karibu na Aleppo kilikuwa kimepeleka nakala za mbegu zake Svalbard, Norwei, kwenye ghala lililofunguliwa 2008. Vita vya Syria vikawafukuza. Mwaka 2015 wakazichukua nakala zile, wakazipanda upya Lebanoni na Moroko. Bila friji lile wangekwenda na mikono mitupu. Kwa hiyo kodi yangu ichukueni. Panadoli tuidai, na mbegu tuitunze.

Mtoto_wa_Kariakoo
Mzee, hilo la Aleppo nalipokea. Ila panadoli umeipitia juu juu. Mwanangu alilia usiku kucha.

Mtu_wa_Katesh
Mnasema Hanang kama ghala lenu. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada, na Wabarbaig wakapoteza malisho yao. Mnalilia mbegu, ardhi ya wazee wetu hakuna aliyeitaja.

Mwana_Ukonga
Kaka wa Katesh, hilo lina uzito wake, lifungulie mada nitakuja. Mama Tandika, neno la chokaa nimelifuta. Niambie tu, chapati ya atta mafundi watainunua?

Jirani_wa_Ilala
Kabla hajajibu: nilipojifungua, jirani yangu Mhabeshi aliniletea uji wa aja, ndiyo emeri yao ya Ethiopia, kwao anapewa mzazi. Wa kahawia, mzito, kaweka siagi. Bakuli moja asubuhi nilishinda hadi saa nane bila njaa. Hiyo ningenunua hata leo.

Mama_Tandika
Aja sina, na ya Masaki siiwezi. Atta ipo Kariakoo. Jumamosi nachanganya robo atta na robo tatu ya nyeupe, bei ile ile. Mwana Ukonga uje kabla ya saa moja, na Fundi naye aje alishike donge kwa mkono wake.