Naomba ushauri: mjadala wa dini na amani ya mataifa, Kasulu

Habari zenu wakuu. Vijana wa msikitini na wa parokiani hapa Kasulu tunaandaa mjadala kuhusu viongozi wa dini katika siasa za kimataifa. Jirani yetu ni kambi ya Nyarugusu, yenye Wakongo na Warundi waliokimbia vita, kwa hiyo jambo hili linatugusa.

Mifano ninayo: Jumuiya ya Sant'Egidio, ya walei Wakatoliki, ilisuluhisha Frelimo, chama tawala cha Msumbiji, na waasi wa Renamo hadi wakasaini mkataba wa amani Roma, 1992. Sierra Leone nako, baraza la Waislamu na Wakristo lilizungumza na serikali na waasi pia kabla ya mkataba wa amani wa Lomé, 1999. Huu naupenda zaidi, maana walikuwa wenyeji.

Tuanze na mifano hii au wakimbizi wasimulie kwanza? Na ukizuka ubishi wa dini ipi ya kweli, mwongozaji afanyeje bila kumvunjia mtu heshima?