Leo nimewekewa kikombe cha chai juu ya ramani yangu. Huyu mtu mnamjua!

Mchora_Mitaro (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Herufi zikipishana mnivumilie.

Huyu mtaalamu mnamjua, simtaji. Ni yule mwenye kizibao cha mifuko kumi na nane, yule ambaye gari lake linaachwa linanguruma nje kikao kizima ili kiyoyozi kisizime. Kila mradi wa mitaro ukitia mguu huku bondeni lazima yeye awe mbele. Ndiyo, huyo huyo uliyemfikiria.

Leo mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mbele ya mtendaji, mbele ya wajumbe wote wa mashina, mbele ya BIBI YANGU MZAA MAMA, kachukua ramani yangu pale mezani, kaikunja mara mbili, kaweka kikombe cha chai juu yake. Chai ya maziwa. Ya moto. Na hakuiangalia hata kwa dharau, maana dharau nayo inahitaji uangalie. Halafu akasema: "Hivi vya kushusha bure mtandaoni tuwaachie watoto wa shule."

Watu wakacheka!

Wakuu, ile ramani si mchoro wa kwenye daftari. Chini kabisa ni picha za anga za droni zilizopigwa wakati wa Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, zipo wazi kwenye tovuti ya OpenAerialMap, yeyote anachukua. Nyumba na vichochoro vimetoka OpenStreetMap, ile ramani ya wazi inayochorwa na watu wenyewe, na vimo humo kwa sababu kuanzia 2015 wanafunzi wa UDSM na Chuo Kikuu Ardhi walipita kata kwa kata pamoja na wakazi, wakauliza mtaro unaanzia wapi, unaishia wapi, umeziba au unapitisha. Juu yake nikaweka mwinuko uliotokana na picha zile zile, kontua (mistari ya usawa mmoja) kila nusu mita. Ukisogeza jicho unaona matairi yaliyokandamiza bati la duka la kona. Unaona ndoo za mama ntilie. Unaona pale nyuma ya msikiti mitaro miwili inapokutana, na hapo ndipo maji yanaporudi kinyumenyume kila masika.

Yeye kwenye projekta kaweka nini? Ramani ya mwinuko, mtaa mzima rangi moja. Kijani. Kila nyumba iko mita 9. Kwa hiyo mtaro wake mpya kauchora kwa rula kutoka barabarani hadi mtoni, na kwa vipimo vyangu kipande cha katikati kinapanda karibu sentimita 40. Maji yapande! Nikasimama kusema hilo tu, kwa heshima zote, "samahani mtaalamu, shikamoo". Jibu likawa kikombe.

Kikombe, wakuu. Juu ya nyumba ya bibi yangu, maana ndipo kilipotua. Kimeacha duara.

---

Nyumba_ya_Kona

Nimeshaweka kambi. Ila uzi bila picha ni batili. Leta ramani yenye chai tuione.

---

Mchora_Mitaro

Ramani ameondoka nayo! Kaitumia kubebea kikombe mpaka kwenye gari ili asiungue vidole!

---

Dalali_Mstaafu

😂😂😂 Hapo mkuu umeongeza chumvi. Ila namjua. Ndiye aliyetuambia mwaka ule kwamba Jangwani "hapatuami maji kwa mujibu wa modeli". Karakana ya mwendokasi ilipojaa maji sikumwona na modeli yake.

---

Fundi_Leveli

Dogo, umeonewa, sikatai. Lakini mimi ni mpimaji wa siku nyingi na nina maswali. Huo mwinuko wako wa droni ni wa ARDHI au wa MABATI? Droni inapiga picha kutoka juu. Programu ikishaziunganisha picha, urefu unaoupata ni wa kitu cha juu kabisa: bati, mwembe, paa la gari. Mitaa ya huku nyumba zimebanana hadi udongo hauonekani. Ukichora kontua bila kuondoa mabati utasema maji yanapita juu ya nyumba.

La pili, ulirekebisha usawa wa bahari? GPS haipimi kutoka baharini, inapima kutoka kwenye umbo la hesabu la dunia, na hapa Dar tofauti yake na usawa wa bahari ni mita 20 na ushee. Kuna kijana aliwahi kuniletea faili ambalo Kariakoo nzima iko chini ya bahari. Nikamwambia aende akavue samaki Msimbazi na Congo.

Na la tatu, ramani za zamani ziko kwenye Arc 1960, picha zako ziko kwenye WGS84, mifumo miwili tofauti ya kuhesabu mahali. Ukizipandisha bila kubadilisha, mtaro unaruka nyumba kadhaa.

---

Mchora_Mitaro

Mzee wangu, shikamoo. Mabati niliyatoa. Nimechukua nukta za vichochoroni na za barabarani peke yake, nikaunganisha humo. Usawa wa bahari nimerekebisha. Arc 1960 sijaigusa, kila kitu kiko WGS84, kanda ya 37 kusini. Kisha nikamchukua fundi mwashi wa jirani na mpira wake wa leveli, ule wa kung'aa wenye maji ndani, tukaubeba kutoka ngazi ya msikiti hadi mdomo wa mtaro, kipande kwa kipande, tunaweka alama kwa mkaa ukutani. Maji ya kwenye mpira hayasomi slaidi za mtu! Na yanasema kile kile kilicho kwenye ramani yangu.

Na haya yote ningeyasema leo kama ningepewa dakika mbili. Sikupewa dakika mbili. Nilipewa kikombe!

---

Fundi_Leveli

Kama umepita na mpira wa leveli basi sina neno. Hapo umefanya kazi ya mpimaji.

Ngoja nikuongezee hasira. Ule mwinuko wa rangi moja aliouonyesha, kwa unavyoueleza, naufahamu. Ni wa chombo cha anga cha Marekani, kilichorushwa Februari 2000, kikapima kwa rada kwa siku 11. Pikseli yake ni mita 30 kwa 30 na urefu umeandikwa kwa mita kamili, 8 au 9, katikati hapana. Pikseli moja Tandale inameza nyumba nane, kichochoro, mtaro na genge la nyanya, vyote vinakuwa namba moja. Ni data nzuri ukitaka kuona Pugu iko juu na Salenda iko chini. Kwa mtaro wa mtaa ni kupima dawa ya mtoto kwa ndoo.

Na nayo ni YA BURE. Inashushwa mtandaoni bure kabisa.

---

Mchora_Mitaro

SUBIRI.

YA BURE?

Wakuu, nashindwa kukaa. Kwa hiyo kikombe kimewekwa juu ya data ya bure na mtu mwenye data ya bure, tena kuukuu, ya mwaka 2000, kabla sijaanza hata vidudu! Mbele ya bibi!

---

Nyumba_ya_Kona

Bibi alisemaje?

---

Mchora_Mitaro

Bibi alinyamaza. Bibi yangu Desemba 2011 alikaa juu ya kabati na redio yake mpaka asubuhi. Alama ya maji iko ukutani kwake mpaka leo, inapita juu kidogo ya swichi ya taa, na hataki ipakwe rangi. Yule mtaalamu angeuliza tu, bibi angempeleka akaweke kidole. Hakuuliza. Akaagiza chai.

---

Mzee_wa_Mabwepande

Samahani, ila si serikali iliwapa viwanja Mabwepande baada ya mafuriko ya 2011? Sisi tulihama, tuko huku, tumejenga. Nyie mkabaki bondeni na leo mnalia na vikombe.

---

Mchora_Mitaro

Bibi anauza vitumbua Kariakoo, mzee. Piga hesabu ya nauli, halafu uniambie kitumbua auze bei gani. Na hata tukihama sote leo, mtaro unaopanda mlima utabaki unapanda mlima, mvua ya Kisarawe itashuka kama kawaida, na barabara itajaa. Tusihame kwenye mada. Mada ni kikombe.

---

Ukuta_wa_Jirani

Bora nyinyi mmewekewa chai. Sie huku Unguja tulipigiwa picha visiwa vyote viwili, mwaka 2016 ulipoanza ule mradi wa droni wa Tume ya Ardhi na vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar. Picha safi, hata ngalawa zilizopandishwa pwani waziona moja moja. Miye jirani yangu kasogeza ukuta wake hadi kwenye mnazi wangu. Nikachapisha picha, mnazi uko kwangu, waonekana na kivuli chake. Nampelekea, aniambia: "Droni ilipita upepo ukivuma, mnazi uliinama." Upepo gani wa kuinamisha shina na mizizi? Miaka yapita na nazi azila yeye.

---

Dalali_Mstaafu

😂😂😂 "Mnazi uliinama." Huyu jirani anatufaa kwenye biashara ya viwanja.

---

Kevo_Mtaani

Wasee wa Bongo, na sisi Nairobi mtatuambia nini? Map Kibera ilianza 2009, vijana wa mtaa wakatembea na GPS, wakaweka vyoo, shule, mabomba ya maji, vitu ambavyo kwa ramani rasmi havikuwa. Tangu siku hiyo kila mtafiti duniani amepita hapa. Anakuja, anapiga picha, anaenda kuandika ripoti, harudi hata kusema asante. Hapo kwenu angalau jamaa alibaki akakunywa chai.

---

Mchora_Mitaro

Alikunywa JUU YA RAMANI YANGU, Kevo.

---

Niko_Uholanzi

Habari za jioni. Huku Uholanzi kuna data inaitwa AHN, nchi nzima imepimwa urefu kwa lida (miale ya leza) kutoka kwenye ndege, gridi ya nusu mita, mtu yeyote anashusha bure, kwa sababu karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari na wameona mwananchi akijua urefu wa kizingiti chake ni faida kwa wote. Mamlaka za maji, wahandisi na wanafunzi wote wanatumia faili hilo hilo. Hakuna anayesema ya bure haifai. Kwa hiyo mdogo wangu usivunjike moyo.

---

Dalali_Mstaafu

Tumekusikia wa Uholanzi. Hata uzi wa bei ya maharage huwa unatuambia huko mnayapataje.

---

Niko_Uholanzi

Nilikuwa nachangia tu ndugu.

---

Bando_Limeisha

Mimi nimesoma huu uzi nikahamasika, nikasema ngoja nishushe hizo picha za anga nione bati la kwetu. Faili moja ni GB kadhaa! Bando langu la wiki limekata nikiwa asilimia 31. Data ni ya bure, njia ya kuifikia ndiyo ya kulipia. Kwa nini mtu asizikate vipande vya mtaa mmoja mmoja?

---

Fundi_Leveli

Huna haja ya kushusha lote. Ukiwa na QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, unaweza kuifungua kwa kiungo ikaleta kipande unachotazama tu. Au zifungue kama mandharinyuma ndani ya kihariri cha OpenStreetMap, uone kwenye simu.

---

Bando_Limeisha

Simu yenyewe ina GB 16, na humo kuna picha za harusi ya dada.

---

Mchora_Mitaro

Jamani. Nauliza kitu kimoja. Kuna mtu anayejua wapi napeleka pingamizi la maandishi kabla hawajaanza kuchimba? Nataka niambatanishe kipande cha sentimita 40 pamoja na alama za mkaa. Na nataka waombe radhi kwa kikombe.

---

Fundi_Leveli

Andika kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mhandisi wa manispaa. Ambatanisha mchoro wa wima wa mstari wote wa mtaro, si ramani tu, maana mhandisi anasoma mteremko. Weka jedwali la urefu kila mita 10. Andika data imetoka wapi na imepigwa lini, wasikuzungushe hapo. Mpira wa leveli utaje pia, na fundi asaini. Kikombe usikiweke.

---

Mchora_Mitaro

Kikombe nakiweka. Aya ya kwanza.

---

Boda_Namba_Moja

Mnaongelea ramani, mimi nina langu. Abiria anatuma pini, pini inanipeleka upande wa pili wa mto. Naona nyumba yake kwa macho, ananipungia mkono, daraja hakuna! Halafu ananipa nyota moja. Nani anaweka hizo pini?

---

Ukuta_wa_Jirani

Wewe angalau waiona nyumba. Miye mnazi wangu sasa hata siuoni, ukuta umepanda.

---

Dalali_Mstaafu

Boda, hizo pini mteja anaweka mwenyewe akiwa ndani, simu inashika popote. Mwambie atoke barazani kwanza.

---

Boda_Namba_Moja

Akitoka barazani anasema mvua inanyesha. Na mvua ikinyesha yule wa upande wa pili wa mto ndiye wa kwanza kuita usafiri.

---

Bando_Limeisha

Kuna mtu ana bando la usiku anirushie? Nimefika asilimia 44.

---

Kevo_Mtaani

Huko bando la usiku linaanza saa ngapi? Huku kwetu ukilala tu limeisha.

---

Bando_Limeisha

Saa sita. Lakini mtandao wenyewe unashika saa tisa, na saa kumi na moja linakatwa.

---

Ukuta_wa_Jirani

Fundi, huo mpira wa leveli wapima na ukuta?